Usiku Paroko wa Ars Alipotaka Kuondoka



Wapendwa waamini, kila mwaka ifikapo tarehe 4 Agosti, Kanisa linamkumbuka Mtakatifu Yohane Maria Vianney, msimamizi wa maparoko. Siku hiyo mnatuombea mapadre, na baada ya Misa huwa hakosi mzee wa kunishika mkono na kusema, "Padre, nawe uwe kama huyo." Naitikia "Amina", ingawa moyoni najiuliza kama tunamjua vema huyo tunayetakiwa kufanana naye. Tumezoea kumwona katika picha, mzee mwembamba mwenye nywele nyeupe, uso umejaa amani. Tafakari ya juma hili inahusu jambo lisiloonekana katika picha hiyo: paroko huyu alijaribu kuikimbia parokia yake, wala si mara moja.

Tuanze mwanzoni. Yohane Maria alizaliwa tarehe 8 Mei 1786 katika kijiji cha Dardilly, karibu na mji wa Lyon nchini Ufaransa, mtoto wa wakulima. Alikuwa na umri wa miaka mitatu Mapinduzi ya Ufaransa yalipoanza. Mapadre waliokataa kula kiapo kwa serikali waliwindwa, na Misa zikaadhimishwa mafichoni. Yeye mwenyewe alipokea Komunyo ya kwanza mwaka 1799 kwa siri, katika nyumba ya watu, si kanisani. Mtoto aliyemwona padre akihatarisha shingo yake ili awape watu Ekaristi hahitaji kuelezwa mara mbili padre ni nani.

Njia yake kuelekea altare ilikuwa ndefu. Mwaka 1809 aliitwa katika jeshi la Napoleon. Aliugua, akaachwa nyuma na kikosi chake, akaishia kujificha kijijini Les Noës, mpaka msamaha uliotolewa mwaka 1810 ulipomwezesha kurudi nyumbani. Mdogo wake aliingia jeshini mahali pake, wala hakurudi nyumbani. Kisha ikaja Kilatini, lugha ya masomo yote ya seminari wakati ule. Haikumwingia kichwani, hata seminari kuu ya Lyon ikamrudisha nyumbani. Aliyemwokoa ni paroko wa Écully, Padre Charles Balley, aliyemfundisha mwenyewe kwa subira na kumtetea mbele ya wakuu wa jimbo. Tarehe 13 Agosti 1815, mjini Grenoble, alipewa daraja takatifu ya upadre akiwa na umri wa miaka 29.

Mwezi Februari 1818 alitumwa Ars, kijiji cha watu wapatao 230, kilomita kama 35 kaskazini mwa Lyon. Hapakuhesabiwa hata kuwa parokia kamili wakati huo. Watu hawakuwa wabaya kuliko wengine. Mapinduzi yalikuwa yamewaacha miaka mingi bila mafundisho, Jumapili ikawa siku ya shamba na vilabu vya pombe. Padre mpya alirudisha fanicha nzuri za nyumba ya paroko kwa mwenyewe, akaanza kula viazi vya kuchemsha, na kabla ya mapambazuko alikuwa tayari amepiga magoti kanisani akiwaombea watu ambao bado walikuwa usingizini. Mwaka 1824 alifungua nyumba iliyoitwa "Maongozi ya Mungu", kwa ajili ya kuwasomesha wasichana maskini na kuwalea yatima.

Historia ya kweli haifichi makosa. Katika miaka ya mwanzo alikuwa mkali mno. Alipinga dansi kwa nguvu zake zote, na wapo aliowanyima maondoleo kwa muda mrefu kwa sababu hiyo. Baadaye, akisaidiwa na mafundisho ya Mtakatifu Alfonsi Maria wa Liguori na zaidi na kule kuyasikiliza machozi ya watu mwaka baada ya mwaka, alilegea. Aliwapa waungamaji malipizi madogo, na yaliyosalia akayabeba mwenyewe kwa kufunga na kukesha.

Ndipo wakaja mahujaji. Kuanzia miaka ya 1820 walianza kumiminika Ars ili waungame kwake, na katika mwaka wa mwisho wa maisha yake walikadiriwa kuwa zaidi ya 80,000. Walisubiri zamu yao kwa siku kadhaa. Yeye aliingia katika kitubio baada ya usiku wa manane, na kwa siku alikaa humo saa 16 na zaidi, wakati wa baridi kali akitetemeka, wakati wa joto akikosa hewa. Pamoja na sifa zikaja matukano. Aliandikiwa barua zisizo na jina, akasingiziwa uasherati, na mapadre wenzake wakamlalamikia kwa askofu kwamba hana elimu.

Sasa tufike kwenye usiku ule. Mwaka 1840 aliondoka gizani, akatembea kitambo, akasimama penye msalaba uliokuwa njiani, akatafakari, akarudi mwenyewe. Mwezi Mei 1843 aliugua nusura afe, na mwezi Septemba mwaka huo alikwenda kwa miguu hadi Dardilly, nyumbani kwa kaka yake. Mahujaji wakamfuata huko huko, na baada ya juma moja hivi akarejea. Jaribio zito zaidi lilikuwa usiku wa kuamkia tarehe 4 Septemba 1853. Wachache waliojua nia yake walishindwa kuitunza siri. Padre Toccanier, msaidizi wake mpya, alimpokonya kitabu cha Sala ya Kanisa ili kumchelewesha. Kengele ikapigwa, watu wakatoka mbio na taa, wengine wakidhani kuna moto. Walipomwona mzee wao na kifurushi chake, walimzuia wakilia na kumsihi asiwaache. Alirudishwa kanisani, na humo waungamaji walikuwa wakimngoja. Akaingia katika kitubio, akaendelea na kazi.

Kwa nini alitaka kuondoka? Hakuwachukia watu, wala hakuwa mvivu. Aliogopa kufa akiwa paroko. Siku zote alijiona hafai, akatetemeka kufikiri kwamba atatoa hesabu ya roho alizokabidhiwa. Alitamani mahali pa upweke apate kulilia dhambi zake kabla ya kufa. Hakupewa nafasi hiyo. Alifariki Ars tarehe 4 Agosti 1859, akiwa na umri wa miaka 73, baada ya kukitumikia kijiji kimoja kwa miaka 41. Papa Pio wa 11 alimtangaza mtakatifu tarehe 31 Mei 1925, na mwaka 1929 akamweka kuwa msimamizi wa maparoko.

Wapendwa, niruhusuni niseme la moyoni. Katika mwaka wangu wa kwanza hapa, wakati wa masika, nilirudi kutoka kigango cha mbali nimelowa, nikiisukuma pikipiki katika tope, nikakuta nyumba kimya na taa hakuna. Usiku ule niliandika barua ya kumwomba Baba Askofu anihamishe. Asubuhi, kabla sijaituma, katekisti alibisha hodi: kuna mgonjwa anaomba Mpako. Tulikwenda kwa miguu. Tuliporudi barua ilikuwa bado mezani, nami sikuituma. Sikusikia sauti yoyote kutoka mbinguni. Nilisikia hodi tu.

Ndiyo maana naupenda usiku ule wa 1853. Umenifundisha kwamba utakatifu wa paroko hauko katika kutochoka, wala katika kutotamani kuondoka. Uko katika kurudi kwenye kitubio hata kama moyo ulikuwa tayari barabarani. Umenifundisha pia kwamba watu wa Ars walikuwa na sehemu yao. Padre Balley alimtengeneza Vianney, wakulima wa Ars wakamshikilia. Mwaweza kumsaidia padre wenu kwa michango, nami nashukuru. Lakini msaada mkubwa zaidi ni kumhitaji kwa lile alilopewa daraja kwa ajili yake. Padre anayengojwa kitubioni hupata sababu ya kuamka.

Jumamosi hii nitakuwa katika kitubio kuanzia saa 9 alasiri. Njoni.

Mtakatifu Yohane Maria Vianney, utuombee.