APRILI 7: SIYO SIKU YA KULALA TU!

Wadau, huku Kimbiji Aprili 7 wengi tunajua ni mapumziko tu, shule imefungwa, tunashuka zetu pwani. Nikaona niwawekee yaliyotokea tarehe hiyo:

1948 – Katiba ya Shirika la Afya Duniani (WHO) yaanza kutumika. Ndo maana ni Siku ya Afya Duniani.

1972 – Mzee Abeid Amani Karume, Rais wa Zanzibar, auawa kwa risasi Kisiwandui, Unguja. Ndo sababu ya sikukuu yetu.

1994 – Mauaji ya kimbari yaanza Rwanda. Usiku wa kuamkia siku hiyo ndege ya Rais Habyarimana ilitunguliwa Kigali, ikitoka mkutanoni hapa hapa Dar! Ndani ya siku 100 hivi waliuawa watu wapatao 800,000.

Mwaka huu kabla sijaingia baharini nitamuuliza babu 1972 alikuwa wapi. Nyie je, mmeshawauliza wazee wenu?