Wembe wa Kukunja na Nchi ya Wahunzi: Makali ya Kamina

Wembe wa kukunja unaofukuliwa leo kutoka masanduku ya zamani kwa kawaida una jina la Sheffield au Solingen shinani mwake. Lakini ukiupata ukiwa Base ya Kamina, kusini mwa Kongo, umeupata katika nchi iliyojua makali ya chuma kabla miji hiyo haijapata sifa yake. Mashariki ya Kamina, kwenye bonde la Upemba, Jacques Nenquin na Jean Hiernaux walichimba makaburi ya Sanga kando ya Ziwa Kisale mwaka 1957 na 1958, na Pierre de Maret akaiendeleza kazi hiyo miaka ya 1970. Walikuta mabaki ya watu waliofua chuma tangu karne ya 7 hivi. Huko Kamilamba, kaburi moja la kale lilikuwa na shoka la heshima lenye mpini uliopambwa kwa misumari, na karibu na fuvu la marehemu palikuwa na fuawe la chuma. Huyo hakuwa mtu mdogo. Mapokeo ya Waluba, watu wa nchi hiyo, nayo yanamsifu Kalala Ilunga, mwana wa mwindaji Mbidi Kiluwe, kwa kuleta ufuaji bora wa chuma, na mfalme mpya aliposimikwa, tendo la kupiga nyundo lilikuwa sehemu ya ibada.

Katika nchi hiyo chuma hakikuishia kwenye jembe na mkuki, kilipanda hadi kichwani. Wanawake wa Kiluba walichomeka katika nywele zao pini za chuma zenye umbo la fuawe. Waluba Shankadi, ambao Kamina iko katika eneo lao, walijulikana kwa misuko iliyoshuka kwa ngazi nyuma ya kichwa, na wachongaji wao wakaihifadhi sura hiyo katika viti vya kulalia kichwa ambavyo leo vimo katika makumbusho ya Ulaya na Marekani. Verney Lovett Cameron, Mwingereza aliyekaa kwa mfalme Kasongo Kalombo kati ya mwaka 1874 na 1875, alichora misuko ya nchi hiyo katika kitabu chake. Tazama sanamu za Kiluba: paji la uso ni pana, limenyolewa hadi juu sana, na mstari wa nywele umekatwa safi. Mstari wa namna hiyo hauchorwi kwa chuma butu. Naona wanahistoria wa sanaa wamemwandikia mchongaji mengi, na mtu aliyeshika wembe wamempita haraka mno.

Reli ya BCK (Bas-Congo–Katanga), iliyopita Kamina, ilipofika Port-Francqui, Ilebo ya leo, mwaka 1928, bidhaa za dukani zikapata njia rahisi ya kuingia, na mhunzi aliyeyeyusha mawe yake mwenyewe akazidi kukosa wateja. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Ubelgiji ikajenga karibu na mji kambi kubwa ya kijeshi iliyoitwa BAKA, yaani Base ya Kamina, na katika miaka ya 1950 marubani wake wakafunzwa hapo kwa ndege za Harvard. Lakini kambi hiyo ilizaliwa wakati wembe wa kukunja ukiwa unazeeka. King C. Gillette alikuwa amepata hataza ya wembe wa usalama mwaka 1904, na mwaka 1918 serikali ya Marekani iliwanunulia askari wake nyembe hizo milioni 3.5. Askari wa miaka ya 1950 alikuwa mtu wa kiwembe cha kutupa. Wembe wa kukunja ulibaki kwa kinyozi, na kwa mzee aliyeukataa ule mpya.

Wabelgiji, hata hivyo, walikuwa na mali moja ambayo wapenzi wa nyembe duniani kote bado wanaitafuta: kotikule, jiwe la manjano la Vielsalm na Salmchâteau katika milima ya Ardennes. Ndani yake mna chembe ndogo sana za garneti, na hizo ndizo zinazokata chuma. Tabaka la manjano ni jembamba, kwa hiyo hugandishwa juu ya jiwe la buluu au la kijivu ili lisivunjike. Linatumiwa kwa maji, si kwa mafuta. Ukilisugua kwa kipande chake mwenyewe hutoa tope jeupe linalokata haraka. Ukizidi kulipunguza tope hilo kwa maji, jiwe linalainika na kuanza kusafisha makali.

Anayetaka kuufufua wembe wa kale nyumbani aanze kwa macho. Ufa kwenye makali haufufuliki. Kutu ya juu huondoka kwa msasa laini na mafuta, lakini kutu iliyokula mashimo hadi ukingoni itadai chuma kiondolewe mpaka shimo liishe. Mashine ya kusaga ikae mbali: joto likipita nyuzi 200 hivi, chuma chembamba cha ukingoni kinaanza kulegea, na kikigeuka buluu kimekufa. Mhunzi yeyote aliyewahi kuipima rangi ya chuma kabla ya kukizamisha majini anaielewa hatari hiyo bila kufundishwa.

Kisha wembe unalazwa bapa, mgongo na ukingo vikigusa kinoo kwa pamoja. Mgongo wenyewe ndio unaopima pembe. Ndiyo maana aliyeusaga mgongo upande mmoja ameharibu wembe mzima. Kazi kubwa iko kwenye kinoo cha namba 1000. Hapo ndipo pande mbili zinakutana, na ukihama mapema, mawe laini yanayofuata, 4000 na 8000, yatang'arisha ubutu tu. Juu ya kinoo, ukingo hutangulia. Juu ya mkanda wa ngozi, mgongo hutangulia, la sivyo ngozi hukatwa na makali hulala.

Vipini vinataka uangalifu wa pekee. Nyembe nyingi za mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 zilivikwa seluloidi, ambayo ikizeeka hutoa mvuke wenye asidi na kukila chuma ilichokifunika. Kama wembe una kutu hapo tu mpini unapoufunika, mpini ndio mkosaji. Utolewe, uwekwe mwingine wa pembe ya ng'ombe au wa wenge, mti mweusi mgumu wa misitu ya Kongo, ukazwe kwa pini ya shaba nyeupe inayogongwa taratibu pande zote mbili.

Mvua za Kamina, kuanzia Oktoba hadi Aprili, hazimsamehe mvivu: wembe ukaushwe na upakwe mafuta kila unapotumika. Na ubaki wa mtu mmoja. Tangu UKIMWI ujulikane, kinyozi anayemjali mteja huvunja kiwembe kipya mbele yake, na wembe wa kukunja, hata ukinolewa vizuri namna gani, haupaswi kupita kutoka shavu moja hadi jingine.