Vikosi vilivyofichwa (michezo ya vita)

Vikosi vilivyofichwa ni kete za mchezo wa vita wa mezani ambazo mpinzani hazioni mpaka zifichuliwe. Huiga hali halisi ya vita, ambapo kamanda hajui mahali alipo kila adui.

Historia

Mwaka 1824 afisa wa Prussia, Georg von Reisswitz, alitoa kanuni za mchezo uitwao Kriegsspiel. Mwamuzi alipokea maagizo ya pande zote mbili na kuweka juu ya ramani vikosi vilivyoonekana tu. Advanced Squad Leader (1985) huchezwa bila mwamuzi: mchezaji huandika kwenye karatasi namba ya pembesita alipoficha kikosi, na karatasi hiyo ndiyo ushahidi wake.

Kwenye intaneti

Wachezaji wengi hutumia VASSAL, programu huria inayoonyesha ramani na kete. Kete inaweza kufunikwa, yaani mpinzani anaona kwamba ipo bila kujua ni ya aina gani, au kufichwa kabisa ionekane kwa mwenyewe tu. Hata hivyo, kwa kawaida programu haisimamii kanuni za mchezo. Adui akipita karibu, mwenye kete ndiye anayepaswa kuifichua.

Ili kuzuia udanganyifu, mchezaji anaweza kuandika nafasi za vikosi kwenye faili lililofungwa kwa nenosiri na kumtumia mpinzani kabla ya mchezo kuanza. Nenosiri hutolewa mwishoni. Hivyo siri inatunzwa, na nafasi haziwezi kubadilishwa baadaye.