SIMULIZI ZA NESI, SEHEMU YA 7: Cary Grant, mtoto aliyeambiwa mama kaenda kupumzika

Leo tunamwangalia mwigizaji wa zamani wa Marekani, ila kuna somo la nyumbani kwetu ndani yake, kwa hiyo usiache njiani.

Ukikutana na filamu ya Hollywood ya enzi zile, mwanaume mrefu, suti imemkaa sawasawa, nywele zimechanwa upande, kidevu kina kishimo, huenda ndiye yeye, Cary Grant. Jina alilozaliwa nalo ni Archibald Leach. Alizaliwa Bristol, Uingereza, tarehe 18 Januari 1904. Baba yake, Elias, alikuwa akipiga pasi kwenye kiwanda cha nguo. Mama yake, Elsie, alikuwa ameshampoteza mtoto wake wa kwanza kabla hajatimiza mwaka mmoja. Ninyi mliopitia hilo mnajua huzuni yake haiishi siku ya mazishi.

Siku moja Archie, akiwa bado mtoto, alirudi kutoka shule akakuta mama hayupo. Akaambiwa eti kaenda kupumzika ufukweni. Siku zikapita, mama harudi. Baadaye akaambiwa amefariki. Kumbe Elsie alikuwa hai, hapo hapo Bristol, kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili ambako baba alimpeleka.

Mtoto akakua na pengo hilo. Akajiunga na kikundi cha sarakasi cha Bob Pender, akajifunza kupinduka, kutembea juu ya miti mirefu na kuchekesha watu bila kusema neno. Mwaka 1920, akiwa na miaka 16, akasafiri na kikundi kwa meli hadi New York. Wenzake waliporudi, yeye akabaki. Mwaka 1931 akafika Hollywood, studio ya Paramount ikamchukua na akapewa jina jipya.

Mkataba ule ulipoisha, hakukubali tena kuwa mali ya studio moja pekee, jambo ambalo waigizaji wachache walithubutu wakati huo. Mwaka 1937 filamu ya The Awful Truth ikampandisha juu kabisa. Zikafuata Bringing Up Baby, His Girl Friday na The Philadelphia Story. Sarakasi zile za utotoni ndizo zilizomfanya aweze kuanguka na kuteleza akiwa ndani ya suti na bado aonekane mtanashati. Alfred Hitchcock alimtumia kwenye filamu 4, ikiwemo North by Northwest ya mwaka 1959.

Sasa sikilizeni hapa. Ni katika miaka ya 1930, tayari akiwa na jina, ndipo alipojua mama yake yu hai. Karibu miaka 20 ilikuwa imepita! Alihakikisha anatoka hospitali, akamtunza huko huko Bristol na kumtembelea. Lakini walikuwa kama wageni wawili. Pesa ilinunua nyumba, haikurudisha ile miaka. Elsie alifariki mwaka 1973.

Grant mwenyewe alioa mara 5. Mwaka 1941, kwenye Penny Serenade, aliigiza baba anayemsihi hakimu asimnyang'anye mtoto aliyemlea, na akapendekezwa kuwania Oscar. Mwaka 1966, akiwa na miaka 62, alipata mtoto wake pekee, Jennifer. Filamu yake ya mwisho ilitoka mwaka huo huo. Baada ya hapo akaacha kuigiza, amlee binti yake. Alifariki Novemba 1986.

Mimi kama nesi nasema hivi: mtoto anaweza kubeba ukweli mgumu ukiambiwa kwa maneno madogo. "Mama anaumwa. Yuko hospitali. Si kosa lako. Tutakwenda kumwona." Hayo tu yanatosha kwa mtoto wa miaka 4. Ukimdanganya, atakaa anangoja mlangoni, au atajiuliza kafanya nini mpaka mama akamkimbia. Na mama anayeumwa kwa huzuni anahitaji matibabu na watu wake karibu, si kufichwa.

Hebu niambie: ulipokwenda kujifungua mdogo, yule mkubwa uliyemwacha nyumbani aliambiwa umekwenda wapi?