Mwenye barafu ndiye mwenye msimu

Mambrui barafu tunaijua. Iko ya samaki, ile ami yangu huivunja kwa rungu kabla hajaitia kwenye kasha la mashua. Iko na ya mabuyu, ya kufyonza ukitoka chuoni mchana, midomo ikabaki myekundu mpaka magharibi. Lakini ile ya kusimama juu yake ukacheza, hiyo mimi niliiona nikiwa mtu mzima, Nairobi, begi langu mgongoni na tiketi ya basi la kurudi mfukoni.

Nasema haya manake kila nikitaja Kenya Ice Lions, timu yetu ya hoki ya barafuni, watu huangua kicheko. Hoki ya barafu? Kenya hii? Halafu mmoja anakumbuka lile tangazo la Canada, anasema a-ah, wale. Basi, imeisha hapo. Timu ya miaka na miaka imefupishwa ikawa dakika chache za tangazo la kahawa. Mimi naona hadithi hii tumeishika kwa mkia, na sisi wa pwani ndio tulipaswa kuielewa kuliko wengine.

Tuanze 2005. Hoteli ya Panari, pale Mombasa Road, inafungua uwanja wa barafu ndani ya jengo. Ukipanda basi la usiku Malindi, asubuhi unaipita ukiwa bado una usingizi machoni. Wengi wetu tumeipita mara kumi bila kujua ndani mna nini. Chini ya sakafu mnapita mabomba ya ubaridi, juu yake maji humwagwa kidogokidogo, tabaka baada ya tabaka, mpaka yagande. Mashine hailali. Ukizima, baada ya muda una dimbwi. Nawaomba mkumbuke hiyo swichi, tutairudia.

Uwanja wenyewe ni mdogo. Ule wa ligi kubwa ya Marekani na Canada una urefu wa kama mita 61 na upana wa mita 26. Wa Panari ni kipande tu cha huo, na kona zake si za hoki, ni za watu waliokuja kusherehekea birthday. Waliouanzia mchezo pale walikuwa wageni, Wakanada na Wamarekani waliokuwa wakifanya kazi Nairobi na wakikumbuka kwao. Wakenya wa mwanzo kuingia walikuwa vijana waliokuwa karibu na barafu ile kila siku. Benard Azegere, ambaye baadaye alikuja kuwa nahodha, alikuwa akifanya kazi hapohapo uwanjani. Yaani mwenye kuwashika mkono wateja wasianguke ndiye aliyeishia kuwa mchezaji. Mwaka 2016 hivi ndipo timu yenye jina la Ice Lions ikasimama, na Mkanada mmoja, Tim Colby, akawa kocha.

Sasa hebu jiulize, timu hii ilicheza na nani? Na hakuna. Hapakuwa na timu nyingine Kenya, wala Uganda, wala Tanzania. Walijigawa mafungu mawili wakapambana wenyewe kwa wenyewe. Wiki hii fulani ni adui yako, wiki ijayo mko upande mmoja. Msimu usio na mgeni, usio na safari. Wallahi mimi ningechoka mwezi wa pili. Wao walirudi kila wiki, na hicho ndicho kipande cha historia ambacho hakuna aliyekitengenezea tangazo.

Mwaka 2018 kampuni ya kahawa ya Canada, Tim Hortons, ikawasafirisha. Wakapewa vifaa kamili, wakaingia uwanja wa ukubwa wa kweli, na kwa mara ya kwanza wakakabili timu isiyokuwa wao wenyewe. Wakiwa chumba cha kubadilisha nguo, wakaingia Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, mastaa wa ligi kubwa, wamevaa jezi ya Kenya, wakacheza nao. Kwa mtu wa mpira, ni kama uko uwanjani Gongoni unafunga kamba za viatu halafu Messi anakuuliza acheze namba ngapi. Sikatai, ilikuwa raha. (Mwaka huohuo Sabrina Simader, binti aliyezaliwa hapa Kilifi na kukulia Austria, aliiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki ya baridi kule Pyeongchang, mbio za kuteleza kwenye theluji. Mtoto wa Kilifi! Nani alituambia shuleni?)

Tangazo likaisha. Wakarudi Mombasa Road, kwenye kile kipande chao.

Halafu 2020 ikaja korona. Hoteli ikafunga, ile swichi ikazimwa, na barafu ikaondoka. Vizuizi vya serikali vililegezwa, mechi za mpira zikarudi, lakini barafu hairudi kwa sababu amri imeondolewa. Inarudi mwenye jengo akiona ina faida. Wachezaji wakahamia viatu vya magurudumu, wakifanya mazoezi juu ya lami. Watu waliocheza na Crosby wakawa hawana pa kuchezea, na si kwa sababu walishindwa na mtu yeyote.

Hapa ndipo mimi hukaa nikafikiri. Sisi tumezoea kuandika historia ya timu kwa wafungaji na makombe. Lakini angalia hata mpira wa magongo ule wa nchi kavu. Kombe la Dunia la kwanza, Barcelona 1971, Kenya ilimaliza ya nne. Ya nne duniani! Nusu fainali tulifungwa na Hispania 1-0, na nafasi ya tatu India wakatushinda 2-1. Nahodha alikuwa Avtar Singh Sohal, na kikosi kilijaa vijana wa Kisikh na wa Kigoa wa Nairobi. Baadaye familia nyingi za Kiasia zikahama. Na sakafu nayo ikabadilika: Olimpiki ya Montreal 1976 magongo yakachezwa kwenye zulia la bandia badala ya nyasi, na tangu hapo nchi isiyo na pesa za zulia ikawa inafanya mazoezi ya mchezo mmoja na kwenda kushindana kwenye mwingine. Sisemi sakafu ndiyo sababu pekee. Nasema hakuna anayeitaja.

Nami najua kwa nini inaniuma. Timu yetu ya mtaa hapa ilikuwa ya pili kwenye ligi yetu ndogo, mechi nne zimebaki. Siku ya Jumatatu tukakuta nguzo na seng'enge kwenye uwanja tuliouchezea tangu darasa la nne. Mwenyewe ana karatasi. Sisi tulikuwa na mazoea tu. Na karatasi za pwani hii mnajua zilianzia wapi: sheria ya hati za ardhi ya 1908, iliyotaka watu waje kudai mashamba yao kwa maandishi, na pasipodaiwa pakawa pa serikali ya mkoloni. Wengi, hasa Wagiriama, hawakuingia kwenye daftari lile. Sisemi uwanja wetu ulipotea 1908. Ila nilipokuwa nimesimama nje ya seng'enge, mpira kwapani, niliielewa Ice Lions kuliko tangazo lolote.

Barafu ya Panari ilikuja kuwashwa tena. Na Septemba 2024 shirikisho la dunia la hoki ya barafuni likaipokea Kenya kuwa mwanachama mshiriki, shirikisho ambalo Afrika Kusini imo tangu 1937. Sasa kuna mashindano ya nje ya kwenda, kuna bendera. Nimefurahi, kweli. Lakini uanachama ni wa nchi, na barafu bado ni ya hoteli. Nikiulizwa Kenya ikitaka kuisaidia timu hii ifanye nini, sitasema jezi wala tiketi za ndege. Nitasema sakafu ya umma, hata iwe ndogo, ambayo hakuna mtu mmoja anayeweza kuamka na kuizima.

Wapo watakaosema, Mambrui kuna maji ya chumvi bombani, wewe unadai barafu Nairobi? Nadai maji pia. Mdomo wangu unatosha vyote viwili.

Timu yetu siku hizi inacheza ufuoni. Maji yakitoka wakati wa bamvua, mchanga unakuwa mpana na mgumu, tunachora mistari kwa kisigino. Maji mafu yakifika, ufuo ni mwembamba, hakuna mechi. Kwa hivyo ratiba ya msimu sasa anatupa ami, anahesabu mwezi kwa vidole huku anavunja barafu yake. Jumamosi hii kasema tuwe tushamaliza kabla ya alasiri.