Siku ya Kutua Mizigo

Katika njia ya kati, ile iliyotoka Mrima ikapita Ugogo na Unyanyembe hadi Ujiji, yako majina mawili yanayostahiki kusomwa pamoja. La kwanza ni Bagamoyo, ambalo wengi hulichambua kuwa ni "bwaga moyo". Wako wasemao kwamba ni tamko la mpagazi aliyefika pwani salama, akashusha pembe na wasiwasi wake pamoja. Wako wasemao ni kilio cha mtumwa aliyetazama bahari akajua kwamba nyuma hakurudiki. Mabishano hayo ni ya siku nyingi na sitayamaliza mimi. Jina la pili halisikiki sana huku visiwani: Tura, mlangoni mwa Unyanyembe kwa mtu atokaye mashariki. Richard Burton, aliyepita hapo mwaka 1857, ameandika kwamba asili yake ni amri ya kutua, yaani weka chini mzigo, kwa kuwa msafara utokao pwani haukuweza kupita pale bila ya kupumzika.

Mwenye kujua kilichokuwa nyuma ya Tura hatashangaa. Kati ya Ugogo na Unyamwezi lilikuwapo pori la Mgunda Mkali, lenye miiba tele na maji haba. Huko ndiko wasafiri walikolazimika kutelekeza. Neno hili leo tunalisikia zaidi kwa mama na watoto walioachwa bila ya matunzo, lakini katika lugha ya misafara lilikuwa na maana yake maalumu. Watu walipika na kunywa maji asubuhi, wakaondoka baada ya adhuhuri jua likiwa bado kali, wakatembea hadi giza, wakalala pasipo maji, kisha wakaamka alfajiri kuyakimbilia maji ya mbele. Mpagazi alifanya hayo akiwa na mzigo wa frasila mbili begani, ambao ni takriban kilo 32, mbali na mkeka, sufuria na silaha yake mwenyewe.

Burton na mwenzake Speke waliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857, wakaingia Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba, siku ya 134. Kwa hesabu yake walikuwa wamekwenda maili zisizopungua 600. Sasa tupige hesabu sisi. Mwendo wa kawaida wa msafara ulikuwa kama maili 10 kwa siku, saa nne au tano za asubuhi, kisha kambi. Kwa kadiri hiyo maili 600 ni kazi ya siku 60 hivi. Siku nyingine zote, ambazo ni zaidi ya nusu ya safari, mizigo ilikuwa chini.

Wazungu waliosafiri njia hiyo aghalabu waliziandika siku hizo kwa uchungu. Kwao kutua kulikuwa ni kuchelewa, na kuchelewa kulitokana na uvivu wa watu weusi au tamaa ya machifu. Stanley, aliyeondoka Bagamoyo Machi 1871 kumtafuta Livingstone, hakuficha katika kitabu chake kwamba mjeledi ulikuwa sehemu ya dawa yake. Hata hivyo alipofika Unyanyembe mwezi wa Juni alikaa hadi Septemba, kwa kuwa vita vya Mirambo vilikuwa vimeifunga njia ya Ujiji. Burton na Speke nao waliugua mno njiani, na siku walizolala na homa zimo humo humo katika zile 134.

Lakini tuiangalie siku yenyewe. Msafara haukuchukua chakula cha safari nzima, haukuweza. Ulichukua nguo, merikani na kaniki, na ushanga na waya, ukanunua nafaka njiani. Posho ya mtu ilikuwa kibaba kwa siku. Ilipogawiwa nguo badala ya nafaka, wapagazi walilazimika kutawanyika vijijini kutafuta mtama, kubishana bei, kurudi, kutwanga. Mguu uliochomwa na mwiba ulihitaji siku mbili. Nguo zilizolowa mtoni zilihitaji kuanikwa, la sivyo zingeoza na mali ingepotea. Huko Ugogo watemi walidai hongo, na mazungumzo ya hongo hayakwisha kwa adhuhuri moja. Wagogo walikuwa na hoja: visima vilikuwa vyao, na katika nchi kame ile mgeni aliyefika na mamia ya watu wenye kiu hakuwa mgeni mdogo. Basi siku tuiitayo ya mapumziko ilikuwa ya soko, uganga, diplomasia na ufundi. Usiku ndipo ngoma zilipopigwa, na wasafiri wengi wamestaajabu kwamba watu waliolalamika mchana kutwa kuwa miguu imekufa waliweza kucheza hadi usiku mkuu. Mimi sioni ajabu. Anayecheza hakubeba kitu.

Hata hivyo mapumziko hayakugawiwa sawa. Wanawake waliofuatana na waume zao katika misafara walitwanga, wakachota maji, wakapika, na siku ya kutua kwao ilikuwa na kazi zaidi kuliko siku ya mwendo. Na yule aliyeteremshwa pwani akiwa na mnyororo shingoni alikaa chini pale alipoambiwa akae. Hapa ndipo penye tofauti ambayo masimulizi ya jumla huifuta. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 juu ya wapagazi, ameonyesha kwamba wengi wao, Wanyamwezi hasa, walikuwa watu huru wenye ujira na mila ya kazi yao. Waliijua thamani yao. Posho ilipopunguzwa au mwendo ulipozidi, waliweka mizigo chini wakakataa kuinuka. Na mwenye mali, awe Mwarabu wa Unguja au Mwingereza mwenye bunduki, hakuwa na la kufanya ila kuongea nao. Kukubaliana kwamba leo hatuendi kulikuwa ni sehemu ya mkataba, ingawa haukuandikwa.

Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na misafara ya njia ile ikafa. Kazi ya kubeba haikufa. Mwaka huo huo wa 1914 vita vya Wazungu vilianza, na pande zote mbili, Wajerumani na Waingereza, ziliwakamata wanaume kwa maelfu wawabebee risasi na unga. Hao hawakuwa na kirangozi wa kumtuma kwa mwenye mali kumwambia kwamba watu wamechoka. Waliendeshwa katika mvua na njaa, wakafa wengi mno kwa kuhara na homa kuliko kwa risasi, na wengi wao makaburi yao hayajulikani. Kambi yao ya Dar es Salaam imeacha jina lake kwa mtaa wa soko, Kariakoo, ambako hata leo wachukuzi hupita na magunia mabegani wakiwaomba watu njia.