Himofilia: jinsi ya kuunganisha matibabu kutoka zahanati hadi hospitali ya rufaa

Kila tunapogusia magonjwa adimu katika kipindi cha afya, tunapokea ujumbe kuhusu watoto wa kiume wanaotokwa damu isiyokatika, au wanaovimba magoti bila kuanguka. Wengi mnatuuliza dawa inapatikana wapi. Swali hilo lina maana, lakini kuna jingine linalolitangulia: mtoto huyo akifikishwa usiku katika hospitali ya wilaya, anayempokea atajuaje la kufanya?

Hapa tunaeleza himofilia ni nini, kwa nini hospitali moja haiwezi kuishughulikia peke yake, na familia ifanye nini ili zahanati, hospitali ya karibu na hospitali ya rufaa zifanye kazi kama timu moja.

HIMOFILIA NI NINI?

Mtu akijikata, mwili huziba jeraha kwa kugandisha damu. Kazi hiyo hufanywa na protini kadhaa ambazo wataalamu huziita fakta, na kila moja ina namba yake. Aliyepungukiwa fakta ya 8 ana himofilia A. Aliyepungukiwa fakta ya 9 ana himofilia B.

Mgonjwa wa himofilia hatoki damu kwa kasi kuliko wengine. Hutoka kwa muda mrefu zaidi. Na hatari kubwa mara nyingi haionekani kwa macho, kwa sababu damu huvilia ndani: kwenye goti, kifundo cha mguu, kiwiko, ndani ya msuli, tumboni au kichwani. Goti likijaa damu mara kwa mara huharibika, na kijana anaweza kubaki na mguu usiokunjuka. Damu ikivuja kichwani au shingoni, inaweza kuua ndani ya muda mfupi.

Ugonjwa huu hauambukizi. Mtu huzaliwa nao.

KWA NINI HOSPITALI MOJA HAITOSHI

Himofilia A humpata takriban mtoto 1 kati ya kila wavulana 5,000 wanaozaliwa. Himofilia B ni adimu zaidi. Tufanye hesabu ndogo. Kituo cha afya kinachozalisha watoto 1,000 kwa mwaka hupata wavulana kama 500. Kwa wastani, mtoto mwenye himofilia A atazaliwa pale mara moja katika miaka 10. Kwa hiyo muuguzi mzuri na mwenye bidii anaweza kufanya kazi miaka mingi bila kukutana na mgonjwa hata mmoja.

Vipimo navyo haviko kila mahali. Kipimo cha wingi wa damu hakiwezi kuonyesha himofilia. Inahitajika maabara inayopima muda wa damu kuganda, kisha kiwango cha fakta yenyewe. Kwa hapa Tanzania, Hospitali ya Taifa Muhimbili ina kliniki ya himofilia. Ukiwa mbali na Dar es Salaam, pa kuulizia kwanza ni hospitali ya rufaa ya kanda yako, kama Bugando kwa Kanda ya Ziwa, KCMC kwa Kaskazini, au Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya kwa Nyanda za Juu Kusini.

Tatizo ni kwamba utaalamu uko mbali, lakini damu huvuja nyumbani, shuleni au shambani. Goti lililoanza kuvuja linatakiwa kupata dawa mapema kadiri inavyowezekana, ikiwezekana ndani ya saa 2. Hakuna basi la kutoka kijijini hadi hospitali ya kanda linalofika kwa muda huo. Ndiyo maana mpango mzuri hugawa kazi: hospitali ya rufaa inapima, inaamua matibabu na kumfuatilia mgonjwa, hospitali ya karibu inatoa huduma ya kwanza, na familia inabeba taarifa kati ya hizo mbili.

KADI AU DAFTARI: YAANDIKWE NINI

Mkiwa kliniki ya rufaa, mwombeni daktari ayaandike haya kwenye karatasi moja na kuipiga muhuri:

- Aina ya himofilia, A au B, na kiwango cha fakta kilichopimwa.
- Uzito wa mgonjwa na tarehe aliyopimwa. Dozi hufuata uzito. Kwa himofilia A, uniti 1 ya fakta ya 8 kwa kila kilo ya mwili hupandisha kiwango kwa takriban asilimia 2. Mtoto akiongezeka kilo, dozi ya mwaka jana haimtoshi tena.
- Dozi ya kutokwa damu kwa kawaida, na dozi ya dharura kama ya kichwa.
- Kama ana kingamwili zinazoikataa fakta. Wagonjwa wengine hutengeneza kingamwili hizo, na dawa ya kawaida huacha kuwafanyia kazi.
- Kundi la damu, dawa anazotumia na zile asizotakiwa kupewa.
- Namba ya simu ya kliniki, ili daktari wa wilaya aulize moja kwa moja.

Piga picha ya karatasi hiyo na uihifadhi kwenye simu mbili, ya baba na ya mama, au ya mjomba mnayekaa naye. Karatasi yenyewe itunze ndani ya mfuko wa nailoni. Simu huisha chaji, na karatasi huloa. Ukiwa na vyote viwili uko salama zaidi.

NENDENI HOSPITALI YA KARIBU KABLA YA DHARURA

Hii ndiyo hatua ambayo familia nyingi huiruka. Mkirudi kutoka rufaa, chagueni siku ambayo mtoto ni mzima. Mpelekeni hospitali ya wilaya au kituo cha afya cha karibu, na mwombe kuonana na mganga mfawidhi. Mpe nakala ya kadi. Kisha uliza mambo manne:

1. Usiku na siku za mapumziko, nani atampokea mtoto wetu?
2. Je, fakta inaweza kutunzwa hapa? Nyingi huhitaji jokofu la nyuzijoto 2 hadi 8. Jokofu la chanjo lina utaratibu wake, kwa hiyo ni muhimu kuuliza mapema.
3. Kama fakta haipo, hapa mna nini?
4. Gari la wagonjwa linaitwaje, na kwa namba gani?

Swali la tatu lina uzito wake. Kuongezewa damu ya kawaida hurudisha damu iliyopotea, lakini hakuleti fakta ya kutosha kuzuia uvujaji. Fakta isipokuwepo, daktari anaweza kutumia plazma iliyogandishwa, ambayo ni ile sehemu ya maji ya damu. Kuna pia zao la plazma liitwalo krayo, lenye fakta ya 8 kwa wingi. Krayo humfaa mgonjwa wa himofilia A, lakini haimsaidii wa himofilia B kwa kuwa haina fakta ya 9. Herufi moja kwenye kadi inaweza kuamua kama dawa itafanya kazi au itapotea bure.

DAMU IKIANZA KUVUJA

Mgonjwa mwenyewe hujua kabla ya mtu mwingine. Huhisi joto, mwasho au mkazo kwenye kiungo kabla ya uvimbe kuonekana. Mtoto mdogo atagoma kutembea au atalia ukimshika mguu. Msimwambie anadeka.

Mpumzishe. Weka kitambaa chenye barafu au cha maji baridi kwa dakika 15 hadi 20, kisha toa. Funga bandeji bila kukaza sana, na inua mguu au mkono. Usikande wala kuchua. Usichanje. Kama ana maumivu, mpe paracetamol. Asprini, diklofenaki na ibuprofeni asipewe, kwa sababu huzidisha kutoka damu. Soma jina kwenye pakiti hata kama mwenye duka la dawa amekuhakikishia. Wakati huo huo, mtu mwingine apige simu hospitali kusema mnakuja.

Akigonga kichwa, nendeni mara moja hata kama anacheza na kucheka. Vivyo hivyo kwa uvimbe wa shingo, maumivu makali ya tumbo, au kutapika damu. Kanuni ya wataalamu duniani ni hii: dawa kwanza, vipimo baadaye. Fakta ikiwepo apewe pale pale, kisha ndipo apelekwe kupigwa picha ya kichwa. Lakini fakta haikai mwilini muda mrefu. Kwa mtu mzima, nusu ya fakta ya 8 ya kawaida huisha ndani ya saa 12 hivi. Dozi ya kwanza inampa nafasi ya kusafiri, na barua ya rufaa lazima ionyeshe saa na kiasi alichopewa, ili anakopelekwa wajue dozi inayofuata ni lini.

TOHARA, JINO NA SINDANO

Familia nyingi hugundua ugonjwa huu kwenye tohara, pale damu inapokataa kukatika. Kama kwenye ukoo wa mama kuna mjomba au kaka aliyefariki kwa kutoka damu, au aliyetoka damu kupita kiasi, mtoto apimwe kwanza. Mgonjwa wa himofilia anaweza kutahiriwa, lakini hospitalini, kwa mpango na dawa mkononi. Jandoni hapana. Kung'oa jino na upasuaji wowote ni hivyo hivyo: daktari wa meno au wa upasuaji awasiliane kwanza na kliniki ya himofilia.

Chanjo asikose. Mwambie muuguzi hali ya mtoto kabla, atumie sindano nyembamba, kisha mahali pabanwe kwa dakika 10 bila kusugua. Sindano nyingine za msuli, kama zile za tako, ziepukwe.

DAWA MPYA, NA JAMBO LA KUANGALIA

Baadhi ya wagonjwa wa himofilia A wanatumia dawa iitwayo emicizumab, inayochomwa chini ya ngozi kila wiki, kila wiki 2 au kila wiki 4. Huzuia damu kuvuja, na hupunguza safari za hospitali. Lakini haitumiki kutibu damu ambayo tayari inavuja. Pia hubadilisha kipimo cha kawaida cha muda wa kuganda, hata majibu yakaonekana mazuri wakati mgonjwa yuko hatarini. Daktari asiyejua kwamba mgonjwa anaitumia anaweza kudanganywa na majibu hayo. Iandikwe kwenye kadi kwa herufi kubwa.

Sehemu ya dawa za himofilia zinazotumika katika nchi zetu hutokana na msaada unaopitia Shirikisho la Himofilia Duniani, ambalo huadhimisha Siku ya Himofilia Duniani kila tarehe 17 Aprili. Msaada hufuata hesabu ya wagonjwa waliosajiliwa. Mgonjwa asiyesajiliwa kliniki hahesabiwi, na dawa yake haiagizwi. Hata kama mtoto hajavimba mwaka mzima, kliniki msiache.

MNAYOTUULIZA SANA

Je, ni kosa la mama?
Hapana. Ni kweli kwamba mara nyingi hurithiwa kupitia kwa mama, lakini hakuna aliyechagua. Mama mwenye vinasaba hivyo, kila mtoto wa kiume anayemzaa ana nafasi ya nusu kwa nusu kuwa na ugonjwa. Baba mgonjwa hamrithishi mwanawe wa kiume, ila mabinti zake wote huvibeba. Na takriban theluthi moja ya wagonjwa hawana historia yoyote kwenye ukoo. Hapo hakuna mkosi wala mkono wa jirani.

Mabinti wako salama?
Wengine hutoka damu nyingi wakati wa hedhi au baada ya kujifungua. Anayejua kwamba kwao kuna himofilia aseme kliniki ya wajawazito mapema, ajifungulie hospitali, na mkunga aepuke kumvuta mtoto kwa kifaa.

Aende shule?
Ndiyo. Mwalimu mkuu apewe nakala ya kadi na namba ya mzazi. Viboko na michezo ya kugongana viepukwe. Kutembea na kuogelea humjenga misuli inayolinda viungo.

Nauli tunaikosa. Tufanyeje?
Mwone afisa ustawi wa jamii wa hospitali ya wilaya kabla ya siku ya kliniki. Muulize pia daktari wa rufaa kama baadhi ya tarehe zinaweza kufanyika kwa simu kati yake na daktari wa karibu nanyi.

Makala hii haichukui nafasi ya daktari. Ihifadhi kwenye simu yako, na umtumie jirani mwenye kijana anayevimba magoti bila sababu. Maswali yenu tutumieni kwa ujumbe mfupi, tutawapelekea wataalamu na kuwasomea majibu hewani.